Mchezo wa video wa mfululizo

Mchezo wa video wa mfululizo ni mchezo wa video wenye hadithi ambao hautolewi wote kwa siku moja, bali hugawanywa katika sehemu fupi zinazotolewa moja baada ya nyingine, zikipishana kwa wiki, miezi au hata miaka. Kila sehemu huendeleza hadithi pale ilipoachwa, kama ilivyo katika tamthilia ya televisheni au hadithi ya gazetini inayokomea kwenye neno "itaendelea". Kinyume chake ni mchezo unaotolewa mzima, ambapo mnunuzi hulipa mara moja na kupata hadithi yote tangu mwanzo hadi mwisho.

Njia hii ilienea kuanzia mwaka 2006, hasa kupitia kazi za kampuni ya Telltale Games ya Marekani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010 baadhi ya watengenezaji wake wakubwa wamerudi kwenye toleo zima. Tatizo lake kuu ni kwamba mara nyingi sehemu ya kwanza iliuzwa wakati sehemu za mwisho hazijatengenezwa. Kwa hiyo mnunuzi alinunua mchezo pamoja na ahadi, na baadhi ya ahadi hizo hazikutimizwa.

## Maana na mipaka yake

Mchezo wa mfululizo hutofautiana na aina nyingine tatu zinazofanana nao.

* Mchezo mzima uliogawanywa ndani yake. *Alan Wake* (2010), uliotengenezwa na kampuni ya Remedy ya Ufini, umepangwa kama vipindi vya televisheni, na kila kipindi huanza kwa kukumbusha yaliyopita. Hata hivyo vipindi vyake viliuzwa pamoja, katika toleo moja.
* Mchezo uliokamilika ukauzwa vipande. *Doom* (1993) wa kampuni ya id Software ulikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ilisambazwa bure, na aliyeipenda alilipia zilizobaki. Sehemu zote tatu zilikuwa tayari tangu mwanzo, hivyo hapakuwa na kusubiri.
* Mwendelezo. Mchezo wa pili unaofuata wa kwanza huwa ni kazi inayojitegemea yenye urefu kamili na bei yake. Sehemu ya mfululizo huwa fupi, mara nyingi ya saa mbili au tatu, na haitoshelezi bila nyingine.

## Historia

Kutoa hadithi kwa vipande ni jambo la zamani kuliko kompyuta. Nchini Uingereza, Charles Dickens alianza kutoa riwaya yake *The Pickwick Papers* kwa vijitabu vya kila mwezi mwaka 1836, akaimaliza mwaka 1837. Sehemu za mwanzo zilikuwa tayari mikononi mwa wasomaji wakati yeye bado anaandika zilizofuata.

Katika michezo ya video, jaribio moja la mapema lilifanyika Japani. Mwaka 1995 wenye kifaa cha Satellaview, kilichounganishwa na mashine ya Nintendo, waliweza kupokea mchezo wa *Zelda* kupitia setilaiti. Ulirushwa kwa sehemu nne, moja kila wiki, kwa saa maalumu kama kipindi cha redio.

Kwa jumla, hata hivyo, njia hii ilikuwa ngumu wakati michezo ilipouzwa madukani kwa diski au kaseti. Kuchapa, kusafirisha na kupanga madukani sehemu tano ndogo kuligharimu zaidi kuliko kufanya hivyo kwa mchezo mmoja mkubwa. Hali ilibadilika baada ya mauzo kuhamia kwenye intaneti. Kampuni ya Valve ilifungua huduma yake ya Steam mwaka 2003, na miaka mitatu baadaye michezo mitatu ya mfululizo ilianza katika mwaka mmoja: *SiN Episodes* wa Ritual Entertainment, *Half-Life 2: Episode One* wa Valve yenyewe, na *Sam & Max* wa Telltale Games.

Telltale ilianzishwa mwaka 2004 huko California na watu waliokuwa wafanyakazi wa LucasArts, baada ya kampuni hiyo kuufuta mchezo wa Sam na Max uliokuwa ukitengenezwa. Msimu wao wa kwanza wa *Sam & Max* ulikuwa na sehemu sita, zilizotoka kati ya Oktoba 2006 na Aprili 2007. Kwa kutimiza ratiba hiyo, Telltale ilionyesha kwamba njia hii inawezekana.

Mafanikio makubwa yalikuja mwaka 2012 na *The Walking Dead*, mchezo wa sehemu tano uliotoka kati ya Aprili na Novemba. Unamhusu Lee Everett, mfungwa anayejikuta akimlea msichana mdogo aitwaye Clementine katika nchi iliyovamiwa na wafu wanaotembea. Mchezaji hufanya maamuzi mazito kwa muda mfupi, na mwisho wa kila sehemu huonyeshwa ni asilimia ngapi ya wachezaji wengine walichagua kama yeye. Kwa kuwa wote walikuwa wamefikia mahali pamoja, walijadiliana kwa wiki nyingi kabla ya sehemu iliyofuata. Mwaka 2015 studio ya Dontnod ya Ufaransa ilifuata njia hiyo kwa *Life Is Strange*, yenye sehemu tano zilizotoka kati ya Januari na Oktoba.

## Faida kwa mtengenezaji na mchezaji

Faida ya kwanza ni fedha. Mchezo mkubwa huweza kuchukua miaka kadhaa kutengenezwa, na wakati wote huo mishahara hulipwa bila mapato. Anayetoa kwa sehemu huanza kuuza mapema, na mapato ya sehemu ya kwanza husaidia kulipia ya pili na ya tatu.

Kwa mchezaji, gharama ya kuingia huwa ndogo. Sehemu moja ya *The Walking Dead* iliuzwa kwa takribani dola 5 za Marekani, hivyo asiyeupenda mchezo hakupoteza sana. Pia sehemu fupi hupakuliwa kwa urahisi na mwenye kifurushi kidogo cha intaneti.

Faida nyingine ni kwamba watengenezaji husikia maoni kabla ya kumaliza kazi. Mfano ni *Hitman* (2016) wa IO Interactive ya Denmark, ambao kila sehemu yake ilikuwa mji au eneo moja, kama vile Paris, Marrakesh na Bangkok. Kwa sababu maeneo yalitoka moja moja, wachezaji walirudia eneo lile lile mara nyingi na kulifahamu kwa undani.

## Matatizo

Kufungwa na yaliyokwisha kutolewa. Mwandishi wa mchezo mzima anaweza kurudi kwenye sura ya kwanza hata karibu na mwisho wa kazi, akaondoa mhusika au kupanda dalili ya jambo litakalotokea baadaye. Katika mfululizo sura ya kwanza tayari imechezwa na watu. Kosa lililomo humo hubaki sehemu ya hadithi, na mwandishi hulazimika kulizunguka.

Uzito wa maamuzi. Michezo mingi ya aina hii humwachia mchezaji achague. Mhusika akiweza kufa au kupona katika sehemu ya pili, basi kila sehemu inayofuata lazima iandikwe kwa hali zote mbili. Uamuzi wa namna hiyo ukitokea mara tatu, kuna hali nane za kuzingatia. Ukitokea mara tano, zinafika 32. Ratiba ikiwa fupi, waandishi hupunguza mzigo kwa kuzirudisha njia zote mahali pamoja. Ndiyo sababu wachezaji wengi hulalamika kwamba uchaguzi wao haukuleta tofauti.

Wanunuzi kupungua. Hakuna anayeanza mfululizo kwa kununua sehemu ya nne. Sehemu zikiuzwa moja moja, idadi ya wanunuzi wake kwa kawaida haiwezi kuzidi ile ya mwanzo, na kila mapumziko marefu huwapoteza wengine. Ili kukabiliana na hali hiyo, kampuni huuza msimu mzima kwa malipo ya mapema. Malipo hayo huisaidia kampuni, lakini humfanya mnunuzi abebe hatari ya kazi kutokamilika.

## Hadithi zilizokatika

*SiN Episodes* ilipangwa kuwa na sehemu tisa. Ilitoka moja tu, mwaka 2006, nayo Ritual ikanunuliwa na kampuni nyingine mapema mwaka 2007.

Valve ilitangaza sehemu tatu za kuendeleza *Half-Life 2*. Ya pili ilitoka Oktoba 2007 na kuishia mahali pa mashaka makubwa, lakini ya tatu haikutoka kamwe. Agosti 2017, Marc Laidlaw, aliyekuwa mwandishi wa hadithi hiyo na ambaye tayari alikuwa ameondoka Valve, aliweka mtandaoni barua ya kubuni yenye majina yaliyobadilishwa. Wasomaji waliitambua kuwa muhtasari wa sehemu iliyokosekana. *Half-Life: Alyx* wa mwaka 2020 ulirudi nyuma na kusimulia matukio yaliyotangulia *Half-Life 2*.

Mkasa unaotajwa zaidi ni wa Telltale. Agosti 2018 ilitoa sehemu ya kwanza kati ya nne za msimu wa mwisho wa *The Walking Dead*. Tarehe 21 Septemba iliwaachisha kazi karibu wafanyakazi 250 kwa siku moja, bila malipo ya kuachishwa, ikabaki na watu 25 hivi. Sehemu ya pili ilitoka siku chache baadaye, huku waliolipia msimu wote hawajui kama hadithi ya Clementine ingemalizika. Kampuni ya Skybound ya Robert Kirkman, mwandishi wa vitabu vya katuni vilivyozaa mchezo huo, iliichukua kazi na kuwaita tena baadhi ya watengenezaji wake. Sehemu mbili zilizobaki zilitoka Januari na Machi 2019.

## Kurudi kwenye toleo zima

Katika kipindi hicho mazoea ya watazamaji nayo yalikuwa yakibadilika. Februari 2013 Netflix ilitoa vipindi vyote 13 vya msimu wa kwanza wa *House of Cards* kwa siku moja, na watu wakazoea kutazama bila kusubiri. *Hitman 2* ulitolewa mzima Novemba 2018. *Life Is Strange 2* ulitolewa bado kwa sehemu, lakini sehemu zake tano zilichukua zaidi ya miezi 14, kuanzia Septemba 2018 hadi Desemba 2019. Mchezo uliofuata katika jina hilo, *True Colors* (2021), ulibakiza mgawanyo wa sura tano, lakini zote zilitolewa siku moja. Vivyo hivyo *New Tales from the Borderlands* (2022), ingawa mchezo uliotangulia wa Telltale ulikuwa umetoka kwa sehemu.

Toleo zima lina gharama zake. Kampuni huhitaji mtaji wa kufika mwisho bila mapato ya njiani. Wachezaji nao huenda kila mmoja kwa mwendo wake, hivyo mazungumzo ya pamoja hupungua, na aliyechelewa huweza kusimuliwa mwisho kabla hajafika.

## Njia za kati

Watengenezaji wengine wamejaribu kuchanganya njia hizo mbili. *Kentucky Route Zero*, kazi ya kikundi kidogo cha Cardboard Computer, ulianza Januari 2013 na sehemu yake ya tano ikatoka Januari 2020. Watengenezaji hawakuharakisha kazi, na mfululizo ulikamilika, ingawa walioanza nao walisubiri miaka saba.

*Dispatch* (2025) wa AdHoc Studio, iliyoanzishwa na watu waliowahi kufanya kazi Telltale, ulifuata njia nyingine. Sehemu zake nane zilitoka mbili mbili kila wiki, kati ya tarehe 22 Oktoba na 12 Novemba. Wachezaji walipata muda wa kujadiliana baina ya sehemu, lakini kungoja kulihesabiwa kwa siku badala ya miezi.