Kila Korongo na Chura Wake: Unachokipita Ukipanda Udzungwa

Ukisimama Ruhembe, kata ya Wilaya ya Kilosa iliyo kaskazini mwa Mto Ruaha Mkuu, mbele yako ni miwa tu. Joto limekaa, shati limeganda mgongoni. Sasa inua macho uangalie upande wa Udzungwa. Milima mingi huanza kwa heshima: kilima kidogo, kilima kikubwa, halafu mlima wenyewe. Udzungwa haina adabu hiyo. Tambarare inaisha, ukuta unaanza, na juu ya ukuta kuna msitu ambao mara nyingi umefunikwa na wingu wakati huku chini jua linachoma.

Makala hii ni yako wewe unayepanga kwenda kutembea huko: unashuka na barabara ya Mikumi–Ifakara, unavuka Ruaha pale Kidatu, unapita Sanje mpaka Mang'ula, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Watu wengi wanaenda, wanapiga picha kwenye maporomoko, wanarudi. Hakuna ubaya. Ila makorongo yale yana tabia moja ambayo ukiijua utatembea tofauti kidogo: kiumbe anayeishi kwenye korongo moja anaweza asiwepo kwenye jingine lolote duniani.

Tuanze na ukuta. Miamba ya Udzungwa ni ya kale sana, ilipikwa kwa joto na mgandamizo ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Baadaye sana ardhi ikapasuka kwa nyufa ndefu, upande mmoja ukainuka na mwingine ukashuka. Ulioshuka ndio bonde la Kilombero, ulioinuka ndio mlima. Kijito kinachotembea kwa raha huko juu kikifika ukingoni hakina pa kwenda ila chini. Na hakianguki kwa mkupuo mmoja, kwa sababu mwamba hauna ugumu ule ule kila mahali: palipo laini maji yanakula, palipo pagumu yanaacha ngazi. Maporomoko ya Sanje yanashuka jumla ya mita 170 hivi, kwa ngazi tatu. Hata Ruaha Mkuu una hadithi ya aina hiyo: unapotoka milimani kuja tambarare unashuka kwa kasi, na tangu 1975 kituo cha Kidatu kinautumia mteremko huo kuzalisha umeme, uwezo wake ukiwa megawati 204.

Swali ambalo wageni huuliza ni hili: mbona vijito havikauki hata mwezi wa tisa? Jibu la haraka utakalosikia ni kwamba miti inaleta maji. Si kweli sana. Miti yenyewe inakunywa maji, tena mengi. Kinachofanya kazi kubwa ni udongo wa msituni. Mizizi na majani yanayooza huufanya uwe na matundu matundu, kwa hiyo mvua inazama badala ya kuteleza juu juu, kisha inatoka polepole kwenye chemchemi kwa miezi. Ongeza na ukungu: upepo unaotoka Bahari ya Hindi unaugonga ukuta huu, unapanda, unapoa, na matone yanang'ang'ania kwenye majani na kudondoka chini hata siku isiyo na mvua. Udzungwa ina msitu unaopanda bila kukatika kuanzia mita 250 hivi hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama 6, unaanza safari unatokwa jasho na unaweza kumaliza unatafuta sweta.

Hapo hapo kuna hatari ambayo si ya kuchukulia poa. Korongo lenye mteremko mkali hujaa haraka, na mvua inayolijaza inaweza kunyesha huko juu usikoona, wakati wewe umekaa kwenye mwamba na jua linawaka. Maji yakigeuka rangi ghafla, yakianza kubeba majani na vijiti, au mlio wake ukiongezeka, ondoka mtoni upande juu. Usirudi kuchukua ndala. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, msikilize kiongozi wako akisema leo hatuvuki.

Sasa twende chini ya maporomoko yenyewe. Maji yanayoanguka yanaburuta hewa, ndiyo maana unapokaribia unakutana na upepo hata kama msitu mzima umetulia. Upepo huo unarusha rasharasha pande zote, na eneo dogo kuzunguka bwawa linabaki limelowa mwaka mzima: kuvumwani kwenye mawe, kangaga kwenye nyufa, baridi ambayo hatua hamsini nyuma haikuwepo. Kwako ni sehemu ya kupoza miguu. Kwa mnyama mwenye urefu wa sentimita mbili ni nchi nzima, na pale rasharasha inapoishia ndio mpaka wake. Kwenda korongo jirani maana yake ni kuvuka mgongo wa mlima uliokauka, jambo ambalo halifanyi.

Mfano wa wazi uko Kihansi, upande wa kusini wa safu hii hii. Miaka ya 1990 nchi ilikuwa imechoshwa na mgawo wa umeme, na Mto Kihansi ulikuwa unaanguka mamia ya mita ndani ya korongo moja. Ukajengwa mtambo wa megawati 180. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza, watafiti wakakuta kwenye rasharasha za maporomoko chura wa rangi ya dhahabu ambaye sayansi haikuwa imemwandika popote. Jike halifiki hata sentimita 3. Hatagi mayai, anazaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili. Akapewa jina la kisayansi mwaka 1999, na makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache tu zilizolowa chini ya yale maporomoko.

Mtambo ulipowashwa, sehemu kubwa ya maji ikaenda kwenye mitambo badala ya korongoni. Rasharasha ikafa. Mwaka 2000 vyura karibu 500 walichukuliwa na kupelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani, na korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga kazi ya maporomoko. Niseme wazi kwamba silioni hili kama kisa cha watu wabaya. Hospitali na shule zilihitaji umeme, na bado zinauhitaji. Mabomba yalisaidia, vyura wakaongezeka. Halafu mwaka 2003 idadi yao ikaporomoka ndani ya muda mfupi, na kuvu anayeshambulia ngozi za vyura akagunduliwa pale pale. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu mchango wa kila sababu. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kutoweka porini.

Waliobaki ni wale wa Marekani, ambao nao walipungua hadi chini ya 100 kabla ya walezi kujua namna ya kuwatunza. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wengine wakaachiwa korongoni kwao. Hebu fikiria: kiumbe aliyeishi kwenye eneo la viwanja vichache vya mpira, akasafirishwa kuvuka Atlantiki, akarudi kukalia mwamba ule ule, sasa akinyunyiziwa maji na mabomba.

Na usidhani Kihansi ni ya ajabu peke yake. Kule Sanje, mwaka 1979 ndipo wanasayansi walipomtambua nyani mzima, mangabei wa Sanje, ambaye wenyeji walikuwa wanamjua kwa sauti yake miaka yote. Kama mnyama mkubwa wa kupiga kelele alichelewa hivyo kuandikwa, chura wa sentimita mbili chini ya kangaga ana nafasi gani?

Ndiyo maana nakuomba uangalie buti zako. Yule kuvu wa vyura haonekani kwa macho, anaishi kwenye maji na tope, na anaweza kusafiri kwenye soli iliyolowa. Udhaifu wake ni ukavu. Kwa hiyo kama Jumamosi umepanda Sanje na Jumapili unataka kwenda maporomoko ya Prince Bernhard kule Mang'ula, usitoke na tope la korongo moja kuingia nalo jingine. Jumamosi jioni piga buti brashi mpaka kwenye mifereji ya soli, mbali na kijito, kisha zianike hadi zikauke kabisa. Zikigoma kukauka, vaa pea nyingine. Na ukimwona chura, piga picha, usimshike.