Fahamu: Mkaa wa mianzi unaoliwa na kupakwa usoni

Mwaka 2014, Burger King nchini Japani iliuza baga nyeusi tii: mkate mweusi, hata jibini nyeusi. Rangi hiyo ilitokana na unga wa mkaa wa mianzi, ambao leo umo pia kwenye sabuni, dawa za meno na barakoa za uso.

Malighafi nyingi hutoka China na Japani, hasa mwanzi uitwao moso. Hukatwa ukiwa umekomaa, mara nyingi baada ya miaka mitatu hadi mitano, ukapasuliwa, ukakaushwa, kisha ukachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo mno ili usigeuke majivu. Kipande kilichoiva vizuri hulia kama chuma kikigongwa. Ndipo husagwa hadi kuwa laini kuliko poda.

Anayenunua asidanganywe na weusi. Kila mkaa ni mweusi. Uchomaji mbovu huacha masalia ya moshi, mengine yakisababisha saratani, kwa hiyo dai cheti cha maabara cha shehena husika, kikionyesha masalia hayo na madini kama risasi na aseniki. Mkaa wa jiko usahau kabisa.

Sheria nazo hazifanani. Ulaya huruhusu mkaa wa mimea kama rangi ya chakula, namba E153. Marekani haijauidhinisha.

Na anayetumia dawa ajihadhari: mkaa uliochakatwa zaidi kwa mvuke hunasa dawa tumboni, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango.