Je, Wajua? Oveni na soketi ya jikoni
Soketi ya kawaida ya pini 3 hubeba ampea 13 tu, yaani takriban wati 3,000. Birika la umeme peke yake laweza kula wati 2,000 au zaidi. Ukilichomeka pamoja na oveni ndogo kwenye ekstensheni moja, waya hupata moto, na plagi hugeuka kahawia kandokando ya pini. Ukiiona rangi hiyo, ichomoe leo leo! Anayekarabati jiko amwite fundi umeme kabla ya fundi vigae, kwani oveni kubwa hutaka waya wake mnene na swichi yake ukutani. Presha kuka ya umeme hutumia wati 1,000 hivi, na huivisha sufuria ya maharage kwa takriban nusu uniti. Familia ya walaji maharage ianze na hiyo, oveni itafuata.