Ngumi Yenye Bei: Nani Anafaidika?



Jioni ya pigano kubwa, hapa Kasongo ao kule Kabambare, unajua namna mambo yanavyokwenda. Mwenye chumba cha video anatia esanse katika jenereta, kisha anasimamisha kijana mulangoni na mufuko wa feza. Anayelipa anaingia. Asiyelipa anasikiliza kelele nje ya ukuta. Kule Marekani na Uingereza iko vile vile, lakini mulango uko ndani ya televizio yenyewe: hata kama umekwisha kulipa abonema ya mwezi, unapashwa kulipa tena juu ya pigano moja tu.

Ile desturi inasaidia muchezo wa ngumi, ao inauharibu? Tusijibu haraka. Tuanzie hapa kwetu.

Kinshasa, saa kumi ya usiku

Uliza wazee wako juu ya tarehe 30 Oktoba 1974. Usiku ule Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya 8, pale Kinshasa, mbele ya watu karibu 60.000. Juu ya nini watu wapigane saa kumi ya usiku, wakati jogoo anajitayarisha kuwika? Sababu kule New York ilikuwa saa ine ya usiku, na Wamarekani walikuwa wamelipa tikiti katika masinema ili waone pigano papo hapo. Uwanja ulikuwa wetu, lakini saa ilichaguliwa na wenye kulipa.

Tena, kila mupiganaji aliahidiwa dola milioni 5, na serikali ya Mobutu ndiyo iliyosimamia zile milioni 10. Mutu wa Maniema hakuulizwa. Kumbe hata pigano tunaloita la bure, kuna mutu aliyelilipia! Basi tusiulize kama pigano linalipiwa. Tuulize nani analipa, na bei inamufungia nani mulango.

Uzuri wake

Mupiganaji anapigwa kichwani, na miaka yake ya kupata feza ni michache. Ni haki apate mushahara wake. Malipo ya kila pigano yanaonyesha hesabu wazi: nyumba ngapi zimenunua, kwa bei gani. Anayevuta watu anaweza kudai sehemu yake. Tarehe 2 Mei 2015, Las Vegas, Floyd Mayweather alipopigana na Manny Pacquiao, nyumba milioni 4,6 za Marekani zililipa, na bei ilifika karibu dola 100. Iliingia zaidi ya dola milioni 400, na kila mumoja wao alipata zaidi ya milioni 100.

Ubaya wake

Lakini pigano lile halikupendeza watu. Kisha ikajulikana kwamba Pacquiao alikuwa na bega lenye kuumia, na wanunuzi wengine wakaenda kushitaki. Wengine hawakununua hata kidogo: walitazama picha za wizi katika simu. Mwenye duka akipandisha bei kupita kiasi, anafundisha watu kuiba, ao kusahau njia ya duka lake.

Na mutoto je? Mutoto hawezi kupenda muchezo ambao hajauona. Mulimaji anayekula mbegu zake za mupunga anashiba leo, lakini mvua ikifika hana cha kupanda.

Tena feza haimufuati fundi kila mara, inafuata jina. Mukongomani Ilunga Makabu, mutoto wa Kananga, alivaa mukanda wa dunia wa WBC pale Kinshasa tarehe 31 Januari 2020. Mupangaji alikuwa Don King, yule yule wa 1974. Tarehe 26 Februari 2023, kule Diriyah, Saudi Arabia, Makabu alinyanganywa mukanda ule na Badou Jack katika raundi ya 12. Lakini pigano lao lilikuwa la kutangulia tu! Lililovuta wanunuzi, kwa dola 49,99 kule Marekani, lilikuwa la Tommy Fury na Jake Paul, kijana aliyejulikana kwanza juu ya video zake za intaneti. Ubingwa wa dunia ukawa mboga pembeni ya bugali wa mutu mwingine.

Kuna njia ingine?

Iko. Tarehe 13 Septemba 2025, Terence Crawford alimushinda Canelo Álvarez Las Vegas. Wenye abonema ya Netflix waliona bila kuongeza kitu, na Netflix ilitangaza watazamaji zaidi ya milioni 41 duniani. Lakini angalia vizuri: nyuma yake kulikuwa feza ya Saudi Arabia, kama vile nyuma ya 1974 kulikuwa feza ya Mobutu. Tajiri anaweza kuchoka siku moja. Muchezo hauwezi kukaa juu ya mapenzi ya mutu mumoja.

Basi jibu letu ni hili. Kulipia pigano si kubaya. Kubaya ni bei kali, na kuitoza juu ya kila pigano, hata lile dogo. Pigano kubwa liuzwe mara chache, kwa bei ambayo baba wa kawaida anaiweza. Mengine yaachwe wazi, ili watoto wajue majina ya mabingwa na wapende kazi yao.

Na wewe, kijana wa Namoya ao Salamabila, unayetoka shimoni na feza ya juma: kutazama ngumi si zambi. Lakini feza ile uliitoa chini ya udongo kwa jasho. Chumvi ya nyumba na minervali ya mudogo wako zitangulie. Kisha, kikibaki kitu, lipa, uingie, ushangilie. Na ukiona mutoto anasikiliza nje ya ukuta, kesho yake umusimulie pigano, raundi kwa raundi. Ndivyo wazee wetu walivyotusimulia lile la Ali.