Punguza Ugali, Usiufukuze Mezani

Kaa kwenye kantini ya ofisi yoyote hapa Dar saa saba mchana uangalie sahani za watu. Zamani swali la mama ntilie lilikuwa moja tu: wali au ugali? Siku hizi hakosi mmoja anayejibu, "Mimi niwekee kuku na mboga tu," halafu kabla hujamaliza kunawa anaanza kukupa somo zima la keto. Wanga kwake ni adui namba moja. Nazungumzia wanga wa kwenye chakula jamani, siyo wale wa usiku.

Keto inataka ule wanga usiozidi gramu 50 hivi kwa siku, na wengine wanashuka hadi 20. Ukifanya hivyo kwa siku kadhaa, akiba ya sukari mwilini inapungua sana, na ini linaanza kuyageuza mafuta kuwa ketoni ili ubongo na misuli vipate nguvu. Hali hiyo ndiyo ketosisi. Siyo kitu kipya. Katika hospitali ya Mayo Clinic kule Marekani, mlo huu ulipendekezwa mwaka 1921 kwa wagonjwa wa kifafa, na mwaka 1972 Dk. Robert Atkins akatoa kitabu kilichoufanya uvume kwa watu wanaotaka kupungua.

Kwa mtu mzima mwenye afya, ketosisi yenyewe siyo ugonjwa. Tatizo ninaloliona mimi liko nyumbani. Shoga yangu mmoja alinipigia simu usiku analalamika: "Dada, huyu bwana hali tena kwangu." Kumbe mumewe ameanza keto. Mama wa watu anapika sufuria mbili kila jioni, watoto wanauliza kwa nini baba hataki ugali, na yeye moyoni anawaza labda bwana ameshiba kwingine. Halafu kuna suala la mdomo. Mojawapo ya ketoni ni asetoni, ambayo hutoka na pumzi, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye dawa nyingi za kufutia rangi ya kucha. Piga mswaki mpaka ufizi utoke damu, harufu inatoka mapafuni. Sasa hapo busu litapita wapi?

Njia ya katikati ipo, na chungu kinabaki kimoja. Ukila wanga wa gramu 100 mpaka 150 kwa siku, kwa wengi wetu tuliozoea sahani za kujaa huo ni upungufu mkubwa tu, na watu wengi hawaingii kwenye ketosisi. Ubongo wa mtu mzima kwa kawaida hutumia kama gramu 120 za glukosi kwa siku, kwa hiyo kwa kiwango hicho unaupa chakula ulichouzoeza tangu utotoni. Maumivu ya kichwa na uchovu wa wiki ya kwanza ya keto unaviepuka pia.

Sahani yako ina ngapi?

Haya, tupige hesabu. Chapati moja iliyotumia unga wa ngano gramu 60 ina wanga kama gramu 45. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa, hizo 45 tena. Soda ya mililita 350 ni karibu 37, yote sukari. Ugali uliopikwa kwa unga wa mahindi gramu 200, ule wa mwanaume aliyetoka kazini na njaa zake, una kama 150.

Sasa chukua mtu anayekunywa chai yenye vijiko viwili vya sukari kwa chapati mbili, mchana akala vikombe vitatu vya wali na soda, usiku akaumaliza ugali ule. Amevuka gramu 400, na hatujagusa andazi la saa kumi wala bia ya Ijumaa.

Kwangu siku ya kawaida inakwenda hivi. Asubuhi mayai mawili, nusu parachichi, kipande kimoja cha mkate wa brauni na chai ya maziwa bila sukari. Mchana wali kikombe kimoja, samaki, mchicha na kachumbari. Jioni ugali wa ukubwa wa ngumi, ambao ni unga wa gramu 40 hivi, na maharage nusu kikombe, dagaa, matembele mpaka sahani ifunikwe. Chungwa moja katikati ya siku. Jumla haiachani sana na 145. Mwenzangu anakula sufuria hiyo hiyo, ila ngumi yake ni kubwa kuliko yangu, na sijawahi kumpimia.

Angalizo moja: nafasi iliyoachwa na ugali isijazwe na kuku anayeogelea kwenye mafuta. Gramu ya wanga ina kalori 4, ya mafuta ina 9. Mboga za majani, bamia, nyanya chungu, samaki, mtindi usio na sukari, hivyo ndivyo vijaze sahani.

Na usidanganywe na mzani. Sukari ya akiba kwenye ini na misuli, yaani glikojeni, kila gramu yake hukaa na maji kama gramu tatu. Mtu akikata wanga ghafla, maji yanatoka, kilo mbili zinayeyuka kwa wiki, ofisi nzima inaambiwa. Kitambi bado kipo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakiongozwa na Christopher Gardner walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa kwa miezi 12. Waliopunguza wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Makundi yote mawili yalihimizwa kula mboga kwa wingi na kupunguza sukari na unga uliokobolewa. Kwa hiyo mimi nachagua mlo ambao nitauweza hata mwezi wa kumi na mbili, na nyumba yangu ikauweza.

Wewe kaa na daktari kwanza

Hapa sitanii. Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge kama glibenclamide, usipunguze wanga kimyakimya. Dozi ilipangwa kwa chakula ulichokuwa unakula, na sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka. Wanaotumia dapagliflozin au empagliflozin wana hatari nyingine: damu kujaa ketoni na kuwa na asidi, hata kama kipimo cha sukari hakijapanda sana. Na akina baba, mlo wako usimburuze mkeo mjamzito au anayenyonyesha. Zipo taarifa za kitabibu za akina mama wanaonyonyesha waliokata wanga kwa ukali wakafikishwa hospitali na asidi kwenye damu. Ni nadra, lakini mzazi anahitaji kula, tena vizuri.

Swali ninaloulizwa zaidi na wanandoa wapya ni la ukweni. Mama mkwe amepakua pilau kama mlima Meru, utamwambia unahesabu gramu? Kula, mshukuru, msifie mkono wake. Pilau ikifika gramu 100 mchana, jioni mkirudi kwenu mchemsheni samaki na mboga, siku bado iko ndani ya hesabu. Soda ndiyo ya kuombea udhuru, na uombe maji mapema, kabla hajaifungua.