Kujifungulia Majini Nyumbani: Mpango Unaoanzia Nje ya Beseni

Kujifungulia majini nyumbani ni utaratibu ambao mjamzito asiye na matatizo ya kiafya hupitisha uchungu wake, na pengine humzaa mtoto, akiwa ndani ya beseni kubwa la maji ya uvuguvugu lililowekwa katika nyumba yake mwenyewe, huku akihudumiwa na wakunga waliosomea kazi hiyo na kusajiliwa kisheria. Utaratibu huo una mambo mawili ambayo watu huyachanganya na ambayo wataalamu huyatenga kwa makini: la kwanza ni kukaa majini wakati wa uchungu, yaani katika zile saa ambazo mlango wa kizazi unafunguka, ili kupunguza maumivu, la pili ni mtoto kutoka tumboni akiwa chini ya maji. Mwanamke aweza kulifanya la kwanza akaliacha la pili, na wengi ndivyo wanavyofanya, ama kwa kupenda kwao ama kwa ushauri wa mkunga. Uingereza ni mahali pafaapo kulitazama suala hili, kwa kuwa huko uzazi wa nyumbani ni sehemu ya Huduma ya Taifa ya Afya, ijulikanayo kwa herufi NHS, ingawa wanaouchagua ni wachache, takriban wanawake 2 katika kila 100.

Kumbukumbu ya kitabibu inayotajwa kuwa ya kwanza ni ya Ufaransa, mwaka 1803, nayo yamhusu mwanamke aliyekuwa amesumbuliwa na uchungu kwa siku mbili na ambaye, baada ya kuingizwa katika maji ya moto ili apumzike, alijifungua kabla hajawahi kutoka. Habari hiyo ilikaa bila mrithi kwa zaidi ya karne moja na nusu. Katika miaka ya 1960, Igor Charkovsky wa Umoja wa Kisovieti alianza majaribio yake ya kuzalisha majini, ambayo yalivuta macho ya watu zaidi kuliko yalivyojenga elimu. Lakini aliyeufanya utaratibu huo uzungumzwe na matabibu ni daktari Mfaransa Michel Odent, ambaye katika hospitali ya mji mdogo wa Pithiviers aliwawekea wanawake dimbwi la maji mwishoni mwa miaka ya 1970. Nia yake ilikuwa kutuliza maumivu ya mgongo na kupunguza matumizi ya dawa. Watoto waliozaliwa humo walizaliwa kwa sababu mama zao hawakutaka kutoka. Mwaka 1983 alichapisha katika jarida la Lancet taarifa ya uzazi wa majini uliofikia 100, na mwaka 1992 kamati ya afya ya Bunge la Uingereza ikapendekeza kwamba hospitali, pale inapowezekana, ziwape wanawake nafasi ya kutumia beseni la kujifungulia. Kutoka hospitalini hadi sebuleni hapakuwa mbali, kwani wakunga waliokwisha kuzoea maji wodini ndio hao hao waliokuwa wakizalisha majumbani.

Faida ya maji inaelezwa kwa sababu za kimaumbile zisizo na siri yoyote. Maji hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili, na kwa hiyo mwanamke ambaye nchi kavu angehitaji kushikwa ili ageuke hujigeuza mwenyewe, akapiga magoti, akachutama au akaegemea ukingo, na mikao hiyo ya wima humsaidia mtoto kushuka. Joto hulegeza misuli ya mgongo, ya mapaja na ya msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, ambayo ndiyo huchanika wakati wa kuzaa. Zaidi ya hayo, hofu na maumivu huongeza adrenalini, homoni inayouandaa mwili kukimbia au kupigana, nayo huelekea kuizuia oksitosini, homoni inayolisukuma tumbo la uzazi likaze. Mwanamke anapotulia, kizuizi hicho hupungua. Odent mwenyewe alionya, hata hivyo, kwamba anayeingia majini mapema mno aweza kuuona uchungu ukipoa baada ya saa mbili hivi, na kwa sababu hiyo wakunga wengi hushauri kusubiri hadi uchungu uwe umeshika kasi. Wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa thamani ya maji ya moto katika uzazi, kwa kuwa mzazi kukandwa ni desturi ya zamani. Lakini huko maji huja baada ya mtoto, na kwa joto ambalo wauguzi wamelikanya mara nyingi kwa sababu ya kuunguza, ilhali katika beseni la kujifungulia joto hupimwa kila saa na halitakiwi kuzidi nyuzi 37.5 za Selsiasi, kwa sababu mama akipata joto kupita kiasi, mtoto aliye tumboni hupata joto zaidi yake na moyo wake huanza kwenda mbio.

Swali linalowajia wengi mara tu wasikiapo habari hii ni kwa nini mtoto hazami. Mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu, ambayo wakati huo yamejaa majimaji yanayotengenezwa na mapafu yenyewe, bali hupata oksijeni kupitia kitovu kutoka kwenye kondo la nyuma, yaani kile kiungo kinachomlisha ndani ya mji wa mimba. Hali hiyo haikomi mara tu kichwa kinapotoka, kwa sababu kondo bado limeshikamana na linaendelea na kazi yake, tena kemikali zinazotoka katika kondo hilo hukizuia kitendo cha kupumua, na maji yanayokaribiana kwa joto na mwili wa mama hayampi mtoto mshtuko wa kumfanya avute pumzi. Kinachomwamsha ni hewa, ubaridi wake na kuguswa. Kutokana na hayo zimepatikana kanuni mbili ambazo mkunga hazivunji: mtoto anayezaliwa majini azaliwe chini ya maji kabisa na asiguswe kichwa kabla mwili haujatoka, na kichwa kikishakutana na hewa, hata kwa bahati mbaya mama alipoinuka kidogo, kisirudi tena majini. Kinga hiyo ina mpaka wake, na hapa wanaolinadi beseni kwa maneno matamu huwa kimya: mtoto aliyekosa oksijeni kwa muda wakati wa uchungu aweza kutweta akiwa bado ndani ya maji na kuyavuta mapafuni, na ndiyo maana mapigo ya moyo wake husikilizwa kwa kifaa cha mkononi kisichoharibiwa na maji kila baada ya dakika 15, na mama anapoanza kusukuma kila baada ya dakika 5.

Utafiti umeipa sehemu ya kwanza ya utaratibu huu uthibitisho mzuri na kuiachia sehemu ya pili ubishi. Mapitio ya mtandao wa watafiti wa Cochrane yaliyotolewa mwaka 2018, ambayo yalikusanya majaribio 15 yenye wanawake 3,663, yalionyesha kwamba kukaa majini wakati wa uchungu hupunguza kidogo idadi ya wanaoomba sindano ya ganzi ya mgongoni, bila dalili ya madhara kwa mama wala mtoto. Kuhusu kuzaa ndani ya maji, Chuo cha Madaktari wa Uzazi na Magonjwa ya Wanawake cha Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba kuzaa kwenyewe kufanyike nchi kavu hadi ushahidi wa kutosha upatikane. Ushahidi mkubwa ulitoka Uingereza mwaka 2024, katika utafiti uitwao POOL, uliochunguza kumbukumbu za wanawake zaidi ya 87,000 waliotumia maji wakati wa uchungu, na kuona kwamba kwa wasio na matatizo, kuzaa majini hakukuongeza michaniko mikubwa ya msamba wala madhara makubwa kwa watoto, ikilinganishwa na waliotoka majini kabla ya kuzaa. Hata hivyo kitovu kilikatika chenyewe kabla ya kubanwa mara nyingi zaidi majini, kwa takriban mtoto 1 katika 100, dhidi ya 3 katika 1,000 nchi kavu, kwa sababu ni rahisi kumwinua mtoto kwa haraka kuliko urefu wa kitovu unavyoruhusu. Ni tatizo dogo kwa mkunga aliye na kibanio mkononi na kubwa kwa asiye nacho.

Maji yakiwa salama, bado limebaki suala la nyumba, ambalo kwa kweli ndilo zito zaidi. Utafiti wa mahali pa kuzalia uliofanywa England na kutolewa mwaka 2011, ukihusisha wanawake zaidi ya 64,000 wenye mimba zisizo na hatari, ulionyesha kwamba kwa aliyekwisha kuzaa kabla, kupanga kuzaa nyumbani hakukumwongezea mtoto hatari, ilhali kwa mzazi wa mara ya kwanza vifo na madhara makubwa kwa watoto vilikuwa 9.3 katika 1,000, dhidi ya 5.3 kwa waliopanga kuzalia wodi za madaktari. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba wazazi wa mara ya kwanza 45 katika kila 100 waliopanga kuzalia nyumbani walihamishiwa hospitali wakati wa uchungu au mara baada ya kuzaa, na kwa waliokwisha kuzaa walikuwa 12. Takwimu hizo za uhamisho ndizo zinazopaswa kuuongoza mpango mzima, kwa sababu anayekaribia nusu ya uwezekano wa kupakiwa katika gari la wagonjwa hana haki ya kulichukulia gari hilo kuwa jambo la mbali. Ndiyo sababu pia maelezo haya hayawezi kuhamishwa yalivyo hadi kwenye kijiji cha Tanzania au Kenya: uzazi wa nyumbani wa Uingereza hutegemea wakunga wawili waliosajiliwa, dawa za kuzuia kutokwa damu, vifaa vya kumsaidia mtoto kupumua, simu inayojibiwa na chumba cha upasuaji kinachofikika, nao haufanani na kuzalia nyumbani kwa mkunga wa jadi kwa sababu barabara haipitiki. Msomaji wa Kiswahili anayeishi Leicester au London anaweza kuuomba; aliye mbali na hospitali yenye uwezo wa kupasua anashauriwa kuiendea hospitali hiyo mapema.

Wasiofaa hujulikana mapema: mwenye mapacha, mwenye mtoto aliyetanguliza makalio, aliyewahi kuzaa kwa kupasuliwa, mwenye shinikizo la damu au kifafa cha mimba, mwenye kisukari, na anayeanza uchungu kabla ya wiki ya 37. Anayefaa humweleza mkunga wake nia yake, huandika mpango wa uzazi na hukubaliana naye hospitali ya kukimbilia, mtu wa kubaki na watoto wengine, na mahali gari la wagonjwa litakaposimama. Aelewe pia kwamba wakunga wakipungukiwa usiku huo, huduma ya nyumbani huweza kusitishwa, kama ilivyotokea katika sehemu nyingi za Uingereza mwaka 2020 wakati wa korona.

Beseni lenyewe kwa kawaida hukodishwa au hununuliwa na familia, nalo ni la kujazwa upepo, lenye kitambaa cha plastiki cha ndani kinachotumika mara moja tu. Likijaa hubeba lita 500 hadi 700, maana yake nusu tani au zaidi kabla mtu hajaingia, na hivyo ghorofa ya chini hupendelewa na sakafu ya mbao iliyozeeka huchunguzwa kwanza. Mpira wa maji huwa mpya, usiowahi kumwagilia bustani, na kiunganishi chake hujaribiwa bombani wiki kadhaa kabla, kwa kuwa bomba lisilokubali kiunganishi hugunduliwa daima saa ile ambayo hakuna duka lililo wazi. Tangi la maji ya moto la nyumba nyingi haliwezi kulijaza beseni kwa mara moja, kwa hiyo masufuria na birika hukaa tayari jikoni. Kulijaza siku nyingi kabla na kuliacha likipashwa moto ni kosa lililokwisha kuonekana: mwaka 2014 mtoto mmoja England aliugua kwa bakteria wa Legionella, wanaozaliana katika maji ya vuguvugu yaliyotuama, baada ya kuzaliwa nyumbani katika beseni la aina hiyo, na mamlaka za afya zikatahadharisha dhidi ya matumizi hayo.

Siku yenyewe ikifika, mwanamke huingia maji yakiwa yanafunika tumbo hadi chini ya matiti, hunywa maji mara kwa mara, na huweza kuvuta mchanganyiko wa oksijeni na gesi ya nitrasi oksidi wa kutuliza maumivu. Sindano kama ya pethidini haiendani na beseni, kwa kuwa humsinzisha. Mkunga hukaa pembeni na hasemi mengi, akitumia tochi na kioo kuona kinachoendelea chini ya maji, na maneno makubwa aliyonayo ni mawili, "toka sasa," ambayo huyasema akiona damu isiyo ya kawaida, maji ya uzazi yaliyochanganyika na kinyesi cha kwanza cha mtoto, homa ya mama, au mapigo ya moyo yanayoshuka bila kurudi. Mama aliyeelezwa jambo hili wakati wa mimba hutoka kwa miguu yake. Aliyeahidiwa maji tu hubishana, na dakika hupotea.

Mtoto akitoka huinuliwa taratibu, uso ukiwa juu, akalazwa kifuani mwa mama huku mwili wake ukibaki majini ili usipoe, na kitovu hukaguliwa papo hapo. Kwa kondo la nyuma mama hushauriwa kutoka, kwa sababu damu iliyomwagika majini ni vigumu kukadiria na maji yenye rangi nyekundu huweza kumtisha bure au kumfariji bure. Dawa ya kulikaza tumbo la uzazi, kama inahitajika, nayo huchomwa akiwa nje. Msamba hutazamwa baadaye kidogo, nyama zilizolainishwa na maji zikishakauka, na wakunga hubaki saa kadhaa hadi mama ameweza kukojoa na mtoto amenyonya, ndipo mtu mwingine wa nyumba hulimwaga beseni kwa pampu hadi chooni, kazi ambayo huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani.