Tusimzike marehemu penye maji ya kunywa

Miaka michache iliyopita nilifika kwenye boma moja katika Kaunti ya Nyamira, si kutibu bali kuomboleza. Mzee wa boma hilo, jamaa yangu kwa upande wa mama, alikuwa ameaga dunia akiwa amekula chumvi nyingi. Nilipowasili, vijana walikuwa wamekwisha kuchimba kaburi futi tatu. Nikatupa macho bondeni. Hatua ishirini hivi kutoka pale shimoni, chini ya migomba, palikuwa na chemchemi inayotegemewa na nyumba zaidi ya kumi. Na shimo lenyewe lilikuwa limeanza kutoa maji.

Nikamwita kando mdogo wa marehemu, nikamweleza hofu yangu. Akanitazama kwa muda, kisha akasema: "Daktari, wewe ni mtoto wetu, kwa hivyo nitakuuliza. Unataka tumzike ndugu yangu wapi? Huku ni mpaka, kule ni nyumba ya mwanawe, na pale juu ni majani chai."

Swali lake ndilo lililonifanya niandike makala ya leo.

Ardhi imetubana

Katika sensa ya mwaka wa 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.2, na Nyamira zaidi ya laki sita. Kisii ina watu zaidi ya 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Shamba alilolima babu sasa limegawanywa mara tatu au nne, na katika kipande hicho hicho lazima pawe na nyumba, choo cha shimo, zizi, chai, ndizi, kisima na makaburi.

Sisi Abagusii tunazika nyumbani. Mtu kuzikwa penginepo huonekana kama kutupwa. Makaburi ya umma huachiwa wasio na ardhi, wageni na miili isiyochukuliwa. Bila shaka umewahi kuona katika magazeti yale matangazo ya hospitali yanayowapa wananchi siku saba waje mochari kutambua jamaa zao, la sivyo hospitali itazika yenyewe.

Mila hii ina nguvu hata mbele ya sheria. Wengi wanakumbuka kesi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake alitaka kumzika Ngong, ukoo ukataka Siaya. Mwili ulikaa zaidi ya siku 150 kabla ya kuzikwa Siaya mnamo Mei 1987, baada ya Mahakama ya Rufaa kuukubalia ukoo. Kwa hivyo sikuandiki, msomaji, ili kukuambia uache kuzika nyumbani. Naandika ili tuzike vyema.

Kaburi huchafua maji vipi?

Kwanza nikutoe hofu. Mwili wa mtu aliyekufa kwa ugonjwa wa moyo, ajali au uzee hauleti mkurupuko wa maradhi. Viini vingi hufa baada ya muda, na udongo mkavu wenye kina huchuja kama chujio la chai. Hata choo kibovu, kinachotumiwa kila siku, ni hatari kuliko kaburi moja.

Taabu huja pale udongo unaposhindwa kuchuja. Milima yetu hupata mvua misimu miwili kwa mwaka, na katika mabonde maji hayako mbali na uso wa ardhi. Kaburi likichimbwa hadi kugusa maji, majimaji ya mwili unaooza huingia moja kwa moja katika njia ya chemchemi. Pamoja na viini vya kuhara, yanaweza kuongeza chumvi za naitreti, ambazo zikizidi katika maji huwadhuru watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa kwa maji hayo. Kuchemsha maji huua viini, lakini hakuondoi naitreti.

Vipimo vya kufuata

Mwaka wa 1998, ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilichapisha ripoti kuhusu makaburi na afya ya umma. Vipimo vilivyopendekezwa humo ni hivi:

Kaburi liwe angalau mita 250 kutoka kisima au chemchemi ya maji ya kunywa.

Liwe angalau mita 30 kutoka mto au kijito kingine, na mita 10 kutoka mtaro wa shambani.

Shimo lisiwe na maji ndani, na chini yake pabaki angalau mita moja ya udongo.

Juu ya jeneza paweko angalau mita moja ya udongo.

Najua utasema kwamba mita 250 kwetu ni mashamba matano ya watu. Ni kweli. Lakini asiyeweza kufika huko anaweza kukwepa bonde, akapanda mahali palipoinuka na penye udongo mkavu. Shimo likitoa maji, simamisheni kazi. Tangu Katiba ya 2010, makaburi ni jukumu la serikali za kaunti, basi mwite afisa wa afya ya umma kabla ya jembe la kwanza. Kifo kiandikishwe na kibali cha mazishi kipatikane. Aliyefia nyumbani, naibu wa chifu aarifiwe. Tena chagua mahali kwa makini, kwa maana kufukua mwili bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Afya ya Umma.

Siku ya mazishi

Iwapo marehemu alikufa kwa kipindupindu au ugonjwa kama Ebola, mwili ushughulikiwe na waliofunzwa, na asiuguse mtu mwingine. Afrika Magharibi ilijifunza hayo kwa uchungu kati ya 2014 na 2016, watu walipoambukizwa Ebola mazishini.

Hata kwa kifo cha kawaida, anayeuosha mwili avae glavu na anawe kwa sabuni. Vijana wanaochimba wavae viatu: jeraha la jembe lenye udongo huweza kuleta pepopunda. Udongo uliotolewa usirundikwe ukingoni, maana wakati wa mvua shimo huporomoka. Kaburi lisilale wazi bila kuzungushiwa, mtoto asije akatumbukia gizani. Na wapishi wa matanga wanawe mikono na watumie maji yaliyochemshwa. Kipindupindu hupenda sana sufuria za mazishini.

Unapozuru makaburi ya umma

Yanayozikwa pale ni ya watu kama sisi. Mwone msimamizi kwanza, na usijenge wala kuweka saruji bila ruhusa. Usikanyage makaburi ya wengine. Usilishe ng'ombe humo wala kujisaidia nyuma ya kichaka. Ukiweka maua, usiache makopo yenye maji, na kaburi lililobonyea lijazwe udongo. Maji yaliyotuama kwa wiki moja au mbili yatosha kukuza mbu, na milima yetu imewahi kukumbwa na mikurupuko mibaya ya malaria.

Walivyoamua

Nirudi kwenye lile boma. Wazee walijadiliana kwa muda wa saa nzima. Mmoja alipinga akisema kaburi lililochimbwa haliachwi tupu. Ndipo mjane, aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi, akanena: "Mzee amekunywa maji ya chemchemi hii tangu aliponioa. Nyinyi mnataka awe ndiye wa kuyaharibu?"

Hakuna aliyemjibu. Vijana waliweka shina la mgomba katika lile shimo kama wazee walivyotaka, wakalifukia. Mistari miwili ya chai iking'olewa karibu na lango, kaburi jipya likachimbwa hapo juu, penye udongo mwekundu, mkavu hadi chini. Hazikuwa mita 250. Zilipata mia moja na kidogo. Niliwasihi waendelee kuchemsha maji, nao wakakubali.

Msomaji, kifo hakipigi hodi, na siku ya msiba hakuna atakayekuwa na utulivu wa kupima. Jumamosi hii, ukienda nyumbani, tembea shambani na wazee wako. Uliza maji yanatoka wapi, kisha mkubaliane mapema mahali pa kuzikia.